Mwenye Ng'ombe Yuko Wapi?

Jumamosi, 4 Oktoba

Watoto wengi leo, mkeka haukutosha. Nimeanza na kitabu cha samaki. Hawakukitaka. Wamejilaza, wamevutana nywele, mmoja ameniuliza nitamaliza lini. Nimekifunga katikati wala sioni aibu. Kitabu cha picha kisipomshika mtoto wa miaka mitano, kosa si la mtoto.

Halafu kile cha ng'ombe. Wote wakasimama. Ng'ombe anavunja ua, anaingia kwenye shamba la maharagwe la mama mmoja, anakula mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila ukurasa tumbo linazidi kuvimba. Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja. Ng'ombe amelala na tumbo lake, mama mwenye shamba amesimama mikono kiunoni, ametupa mgongo. Vitabu vyetu ni vya Kifaransa na mimi nasimulia kwa Kiswahili, kwa hiyo pasipo na maneno natia yangu. Nasema: mama akacheka, akacheka, mpaka akakaa chini. Nao wanacheka mpaka wanakaa chini. Tumekirudia.

Nimerudi nyumbani Rwambuzi na furaha na njaa.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya ibada pastor ameniita pembeni. Chumba tunachosomea ni cha kanisa, yeye ndiye aliyetupa ufunguo. Anasema kuna kanisa kule Shari linataka kufungua chumba kama chetu. Wanaomba niwachagulie vitabu vitano vya picha vya kununua, vya watoto wanaoanza kusoma.

Mimi. Nimefundisha watoto wadogo mpaka mvi zikanijaa, na hakuna aliyewahi kuniuliza napenda kitabu gani. Nilipewa, nikasoma. Nimemwambia pastor nitafikiri. Uongo. Cha kwanza nilikuwa nimeshakijua kabla hajamaliza kusema.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemwaga vitabu vyote mezani. Nimekuwa mkali.

Kinachomalizia kwa kumwambia mtoto awe mtii: hapana. Chenye picha ndogo ambazo watoto wa nyuma hawazioni: hapana. Sungura mwenye tai na viatu: nimemvumilia miaka mingi, basi. Kimoja kizuri sana, rangi zake zinaniliza, lakini kina theluji kila ukurasa. Mara ya mwisho nilieleza theluji mpaka hadithi ikasahaulika. Hapana, kwa masikitiko.

Vimebaki cha bibi na kofia zake, cha kuku aliyepotea, cha mvua, cha kuhesabu ndizi. Na juu kabisa ng'ombe. Kazi tamu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mambo yameharibika.

Mama Furaha amekuja asubuhi, nikiwa nafua. Ni mama wa Furaha, yule binti anayekaa mbele kabisa. Walikimbia vita Djugu, sasa wanabanana kwa shangazi yao, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi wa baiskeli. Shamba lao, ambalo ng'ombe wa watu walishaliingia, limebaki kule na hawajui nani analivuna. Juzi Furaha amemsimulia kitabu cha ng'ombe jikoni, huku akicheka.

Mama hakupandisha sauti. Amesema: "Mu kitabu yenu, mwenye shamba anacheka. Miye sikucheka."

Nimemjibu kwamba ni picha tu. Jibu la kijinga, nimelijua kabla halijatoka mdomoni. Ameondoka bila kuaga. Furaha hatakuja tena, na wanawake wenzake aliokimbia nao wameambiwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sasa Mama Jeanne. Anauza maziwa Mudzipela, kwao wamefuga ng'ombe tangu babu zake. Naye ana hasira, na kitabu ni kilekile. Watoto wa jirani wameanza kumwita Jeanne mtoto wa ng'ombe mwizi. Anauliza kwa nini nafundisha watu kwamba ng'ombe wanazurura hovyo, kana kwamba hawana mwenyewe. Jumamosi Jeanne atabaki nyumbani.

Nilitaka kucheka. Mmoja ananilaumu kwa sababu ng'ombe amesamehewa, mwingine kwa sababu ameshtakiwa. Halafu nikataka kulia. Jeanne na Furaha husoma kitabu kimoja, mmoja ameshika, mwingine anafunua kurasa. Wakigombana ni kwa sababu Furaha anafunua haraka. Hakuna aliyewaketisha pamoja, walikaa tu. Nikitenganisha hao wawili kwa ajili ya kitabu, heri ningebaki nyumbani kuuza mandazi.

Jioni pastor amekuja nyumbani kwangu, habari zimemfikia. Amekaa lakini chai hakuigusa, na hiyo si dalili nzuri. Ameongea polepole. Nitoe ng'ombe kwenye vitabu vya Shari, nikifiche na hiki chetu. Mji huu una sababu za kutosha za watu kununiana. Akiona wazazi wameanza kukaa pande mbili, wakulima huku, wafugaji kule, Jumamosi zimekwisha, atafunga chumba. Ana haki. Nimekasirika kwa sababu ana haki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefuta ng'ombe. Nimeweka samaki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nusu ya watoto. Furaha hayupo. Jeanne hayupo. Mkeka umetosha, nafasi imebaki. Nimesoma samaki mpaka mwisho na wamekaa kimya wote. Kimya kibaya. Namchukia yule samaki.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekitoa kitabu cha ng'ombe chini ya nguo nilikokificha. Nimekaa na ukurasa wa mwisho.

Mama mwenye shamba ametupa mgongo. Uso wake hauonekani. Mdomo hauonekani. Kicheko ni changu mimi. Nilikitia kwa sababu napenda watoto wakicheka, na kila Jumamosi nikakirudia mpaka nikaamini nimekisoma.

Na tena, katika wote waliokasirika, pastor pamoja naye, hakuna aliyekiona kitabu chenyewe. Wamekasirikia mdomo wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Jana nilikwenda kwa Mama Furaha, kisha kwa Mama Jeanne. Kila mmoja nimemwambia wazi kwamba mwenzake atakuwepo. Sikutaka mtu aseme nimemtega. Nimewaomba wakiangalie kitabu kwa macho yao, halafu nitakitupa wakisema nikitupe. Nilikuwa na hakika hawatakuja.

Leo wamekuja kwangu. Wamekaa wameacha kiti kimoja katikati. Nimekiweka kitabu kwenye kile kiti, nimefunua kurasa na sikusema neno. Kwangu kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufua mablanketi. Kwenye mstari wa pili wa maharagwe Mama Furaha amepumua kwa nguvu. Mama Jeanne ameinama amtazame ng'ombe vizuri.

Ukurasa wa mwisho. Wametazama sana. Nikaona sasa wataondoka.

Mama Furaha ameweka kidole pembeni mwa ng'ombe, pale penye nafasi tupu. "Mwenye ngombe iko wapi?"

Nimeshika kiti. Mama Jeanne alijibu akimtazama mama wa kwenye picha, si mwenzake.

"Iko mu njia. Ndjo maana huyu mama anasimama. Anamungojea."

"Basi akuje yeye mwenyewe," amesema Mama Furaha. "Asitume mutoto."

"Atakuja yeye mwenyewe."

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Wamebishana mwenye ng'ombe ataleta nini, ataanza kusema nini, na kama anastahili kupewa maji ya kunywa kabla ya kutoa maneno yake. Mama Jeanne anasema mgeni ni mgeni. Mama Furaha anasema maji atayapata, lakini si mara moja. Nimewasikiliza na nimefurahi, basi. Sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia pastor. Ameuliza kama walipeana mikono. Nimesema hapana, walibishania maji. Amefikiri, halafu akasema hiyo pia ni nzuri. Chai ameinywa. Vikombe viwili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mkeka haukutosha.

Nimesoma ng'ombe, na nilipofika mwisho nikafunga mdomo. Mama Furaha na Mama Jeanne walikuwa nyuma, kila mmoja amesimama upande wake wa mlango. Wamewauliza watoto swali lao. Kelele kama za soko. Mwenye ng'ombe amelala. Amekwenda msalani. Amejificha, anaogopa. Jeanne amesema haogopi, anatafuta viatu. Furaha amemjibu kwamba mtu anaweza kutafuta viatu na kuogopa pia, na akafunua ukurasa haraka kuona kama kuna mwingine nyuma yake. Jeanne akamgombeza. Nilifurahi kusikia ugomvi ule.

Wamecheka kidogo kuliko zamani. Wamesema zaidi.

Jumapili, 19 Oktoba

Samaki nje. Ng'ombe amerudi juu, na pastor hakupinga. Nimewaandikia wa Shari: kitabu hiki kina ukurasa wa mwisho usio na maneno, msiyatie ninyi, waiteni wazazi.

Furaha na Jeanne wamekiazima pamoja. Kitalala kwa Furaha mpaka Jumatano, halafu kiende kwa Jeanne.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nimechagua mchele, nimelala kidogo, nimeamka bado inanyesha.

Mama Jeanne amebisha hodi, kitenge kichwani, matope mpaka magotini. Amekuja kuchukua kitabu na hajui nyumba ya kina Furaha ni ipi. Nimemwambia aingie, apate chai, kitabu hakina haraka, Jeanne atakifuata kesho mvua ikikatika. Amesema hapana, ameshatoka nyumbani, atafika yeye mwenyewe. Nimemwonyesha njia.