Mama, Ulidhani Tunakuheshimu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu ututoke marahaba yako siisikii tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia, ungenirudisha mlangoni.

Leo nimekumbuka shule yetu ya Kidodi, nilipokuwa darasa la tano na wewe ndiye mwalimu wetu wa hisabati. Nyumbani ulikuwa mcheshi, ukiwaigiza majirani mpaka baba anapaliwa na chai. Shuleni sikukujua. Siku moja ulitugawia vikaratasi tuandike, bila majina, tunavyoiona shule yetu. Nikaandika: "Mwalimu wa hisabati anacheka nyumbani, shuleni hacheki."

Ujinga ulioje! Nani mwingine angejua unavyocheka nyumbani? Jioni ukakiweka kile kikaratasi kando ya bakuli la mlenda.

"Wananiogopa kweli?" ukaniuliza.

"Mama, ukiingia darasani, Juma anazuia hata kikohozi."

Ukakisoma tena kile kikaratasi. "Na mimi nilidhani wananiheshimu."

Nilisubiri fimbo. Haikuja. Kesho yake ulisimama mbele ya darasa ukatusimulia ulivyoanguka na baiskeli kwenye tope la shamba la miwa, siku yako ya kwanza kazini, ukaingia kwa mwalimu mkuu na kiatu kimoja. Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulikutolea macho tu. Ndipo Juma akashindwa kujizuia, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mkuu akaja mbio.

"Kuna nini humu?"

"Tunasoma hisabati, mwalimu," ukamjibu huku unafuta machozi ya kicheko.

Wiki ileile Juma alinyoosha mkono, akasema hesabu za sehemu hajazielewa tangu shule ifunguliwe. Nusu ya darasa ikanyoosha naye. Ukafuta ubao, ukaanza upya. Sikuwahi kujivunia kuwa mwanao kama siku ile.

Sasa nafundisha hapa Kilosa, mama. Mwezi uliopita, kwenye kikao, walimu wote tulikubaliana kwamba wanafunzi wetu wana furaha. Nami nilikubali, kisha nikaingia darasani nikagawa vikaratasi. Kimoja kiliandikwa: "Shule ni nzuri, ila jina langu mnalikosea." Nilimjua mara moja kwa mwandiko: binti mpole wa wafugaji wa kule mbugani. Tangu Januari nilikuwa namwita Nashipa, naye anaitika tu.

Jumatatu nikamwita mbele atufundishe kulitamka jina lake. Nikajaribu, akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, darasa likacheka, akatikisa kichwa. Mara ya tatu akatabasamu.

"Hapo sawa, mwalimu. Nashipai."

Siku hizi yeye ndiye anayeita mahudhurio asubuhi, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Jana alinisahihisha jina la mtoto mwingine.

Kengele inalia, mama. Pumzika salama, acha niwahi darasani.

Binti yako,
mwalimu wa darasa la tano