Nyama ya Moshi Kutoka Kirolirwe

Kampala, mwezi wa nane

Mama yangu mpenzi Verdiane,

Pokea salamu za mtoto wako Mutesi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza kukuuma, na Papa Karekezi bado anagombana na ndama wake kama kawaida. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mdogo wangu Nshuti akusomee polepole, asiruke maneno kama ilivyo tabia yake.

Arusi ya dada Umuhoza ilikuwaje? Picha aliyonitumia inaonyesha mgongo wa shangazi na sufuria, basi. Nilitamani mno kuwa nanyi, Mama. Siku hiyo sikula kitu.

Lile sanduku la barafu nililompa Papa Maurice, mfanyabiashara wa Butembo mwenye lori, lilinirudia salama. Acha nikueleze lilikuwa la nini. Hapa maabara tuna kichupa cha kingamwili iliyotolewa kwenye damu ya sungura. Kazi yake ni kutafuta protini moja tu, ile inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli. Kwa binadamu inaiona vizuri, lakini kwa ng'ombe wetu wa Masisi hakuna aliyewahi kujaribu. Profesa wangu, Madame Dancille, aliniahidi kwamba ikiiona, atanituma huko mwaka mzima nichunguze mifugo yetu, nikilala kwako. Ndiyo maana nilimwomba Nshuti, Papa akichinja dume la arusi, akate kipande cha paja, kibichi, akilaze kwenye barafu.

Nilipofungua sanduku nilikuta majani ya mgomba, fromage nzima ya maziwa ya ng'ombe wetu, na nyama iliyokauka kwa moshi ikawa nyeusi. Nshuti alinieleza kwenye simu kwamba ulimnyang'anya ile nyama ukisema, "Mutoto hawezi omba nyama kama hana njala. Na hii mbichi itaoza mu njia."

Nilikata kipande nikajaribu hivyo hivyo. Kingamwili haikuona kitu, kwa sababu moto na moshi vilikuwa vimekwisha kuiharibu protini. Madame Dancille alinisikitikia, ila alisema kazi haiwezi kungoja dume lingine, akachagua ng'ombe wa karibu na hapa. Kwa hiyo sitakuja mwaka huu. Nililia chooni, watu wasinione.

Nisikufiche, Mama, siku ile nilikukasirikia sana. Nyama nyingine nilikuwa nimeiacha chumbani kwangu, na jioni niliichemsha na maharage ili tu isiharibike. Harufu ya moshi ilipojaa chumba, nikawa jikoni kwako. Nilikula yote peke yangu, hata jirani sikumwonjesha, machozi yakidondokea sahani. Mimi niliomba nyama ya kazi, wewe ukasikia njaa. Ulisikia vizuri. Tangu nitoke Kirolirwe sijashiba, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Nisalimie Papa, Umuhoza na mume wake, na majirani wote wanaoniulizia. Mwambie Papa asiuze ng'ombe yeyote kabla sijamwona.

Papa Maurice anarudi Sake, karibu na huko kwetu, Ijumaa, nimempa tena lile sanduku. Safari hii sihitaji barafu.

Mtoto wako anayekukumbuka,
Mutesi