Achari ya Dada Zalifa na Dawati la Mbele

Mahajanga, 9 Desemba 1963

Kwa dada yangu Zalifa, Ambanoro, Nosy Be.

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani yenu. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na ulimi bado mkali, maana siku ulimi wako ukipoa ndipo nitajua umeugua kweli. Mimi mdogo wako sijambo. Nala, nasali, nacheka, wakati mwingine si kwa mpango huo. Msalimie binti yako Rabiata, ila usimpe barua hii. Nimeiandika kwa lugha ya marehemu baba na kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani kusudi yeye na Kifaransa chake wasiambulie kitu.

Sasa kaa kitako. Macho yangu hayaumwi, wala hayajapata kuumwa. Nilipokuandikia kwamba kila asubuhi daktari ananikalisha mbele ya ubao nisome herufi, ubao ulikuwapo na herufi zilikuwapo. Aliyekosekana ni daktari tu. Nasoma shule ya biashara, dada. Mimi, na mvi hizi.

Shule imefunguliwa baada ya uhuru, ndani ya ghala la zamani la ngozi. Ukuta ukipata jua unanuka ng'ombe mpaka leo. Walitaka vijana. Lakini karatasi yangu ya kuzaliwa unaijua, mwaka umeandikwa "takriban" tu. Nikamwambia karani kwamba takriban ni nyumba pana, hata mimi na yeye twaweza kulala humo. Akacheka hadi akagonga mhuri.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa pousse-pousse, kile kigari cha kukokotwa na mtu, kanzu imepigwa pasi. Nilipoingia darasa zima likasimama, likidhani ni mkaguzi. Nikawaruhusu wakae.

Mwalimu wetu, Bwana Nourdine, angeweza kuwa kitinda mimba wangu, na namshukuru kama baba. Alisema kuuza ni jambo moja, na kuanzisha kitu ambacho hakikuwapo ni jambo jingine. Miaka arubaini nimeuza chumvi na kamba nikijiona mfanyabiashara mkubwa. Kumbe nilikuwa wa jambo la kwanza tu. Kifaransa chake kilinipita kama mvua juu ya bata, lakini msichana mmoja, Saïda, alikuwa akinitafsiria kwa Kimalagasi na kuniandikia kwa herufi kubwa. Nilimlipa kwa visa vya ujana wetu, nusu yake vya kweli. Wote wananiita dadilahi, yaani babu. Sijapata kupendwa hivi tangu nilipokuwa na meno.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mtihani wa mwisho ulitaka kila mtu alete biashara aliyoianzisha mwenyewe. Asiye nayo anarudi kwao bila cheti. Mimi sikuwa na kitu, dada. Nilikuwa na yale makopo mawili ya achari ya embe uliyonitumia kwa meli ili mgonjwa wako apate hamu ya kula.

Sikuyala. Niliyaweka mezani mbele ya wakaguzi watatu nikasema: hii ni kazi ya mikono yangu.

Wakaonja. Mmoja akafunga macho. Wa pili akaomba kijiko tena. Wa tatu alikuwa Bi Hachimia, mwenye duka sokoni hapa, mama mnene wa maneno machache. Akaniuliza embe nalianika muda gani. Nikasema siku mbili, kwa sauti ya mtu anayejua. Bi Hachimia akaniambia kwamba embe la kukwaruza likikaa juani siku mbili unapata kiatu, siyo achari. Kisha akaishika mikono yangu, akaigeuza, akasema haijapata hata kumenya kitunguu.

Ningeweza kuwadanganya tena, unanijua. Lakini nilikukumbuka chuoni, wewe umefika juzuu ya tano, mimi bado namwaga wino. Wazee wakakutoa wewe ukapike, wakaniacha mimi nisome, kwa sababu mimi ni mwanamume. Hujapata kunitajia hilo hata siku moja, nami nilijifanya nimesahau. Sikusahau. Nikawaambia yote: achari ni ya dada yangu Zalifa, na kile kiti cha chuoni kilikuwa chake pia.

Mwalimu Nourdine akasema basi mimi ni muuzaji, na mwanzishaji yuko Ambanoro. Cheti sikupata. Lakini Bi Hachimia akauliza kwa nini huyo wa Ambanoro hayupo darasani.

Kwa hiyo, dada, niungame na la mwisho: nimekuandikisha bila kukuuliza. Masomo yanaanza tarehe sita Januari, na karani yule yule amekuandika takriban. Utakaa kwa Bi Hachimia. Anasema ulete mwiko wako. Nauli iko ndani ya bahasha hii. Ukitaka kukasirika, kasirikia melini, utafika umepoa. Jikoni kwako nitakuja kukaa mimi. Rabiata atanifundisha kumenya kitunguu.

Dawati lako ni la mbele, karibu na dirisha. Chini yake nimechonga jina lako kwa kisu; mwalimu akiuliza, sema ni mchwa. Na asubuhi ukimwona mzee mwingine wa kanzu anashuka kwenye pousse-pousse, usisimame. Huenda ni mwanafunzi tu.

Asante kwa achari. Asante kwa kiti.

Ni mimi mdogo wako mtundu,
Soulé