Mama Alivyonyosha Mkono

Goweko, Tabora,
12 Machi 1961

Mpendwa kaka Hilari,

Shikamoo, kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Dar es Salaam na joto lake? Wifi Flavia na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila macho ya mama yamezidi kufifia. Siku hizi anatutambua kwa sauti. Mvua si haba, na tumbaku imestawi.

Kaka, kuna jambo bora ulisikie kwangu, maana watu wa hapa unawajua kwa kutia chumvi.

Jumapili iliyopita baada ya misa tulikutana kwenye ghala la tumbaku. Mzee Damas, mwenyekiti wetu, akaeleza kwamba uhuru unakaribia, na wenzetu wa Tabora mjini wanataka katiba irekebishwe: mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria asikae zaidi ya vipindi viwili, kisha ampishe mwingine. Akauliza nani anaafiki. Nani angethubutu, na mama yako mzazi, wewe mjumbe mwenyewe, kakaa mbele pale?

Aliyenyosha mkono wa kwanza ni mama.

Loo, niliona aibu! Nikamvuta kanga nikidhani hakusikia vizuri. Akanipiga kibao cha mkono, akasimama, akasema, "Mimi mwanangu niliwaazima, sikuwapa." Hapo mikono ikapanda kila upande. Hoja imepita, na kwa kuwa mjumbe wetu ni wewe, utaletewa uipeleke barazani. Njia nzima nilimkasirikia mama.

Kumbe mama mwenzangu ameelewa kwamba hoja ikipita tu, unarudi. Kesho yake alimtoa binamu Tobias katika nyumba yako ya hapa Goweko, na sasa anakandika kuta mwenyewe kwa kupapasa. Nikimkataza ananifukuza. Kila asubuhi anauliza kama mmekwisha kukubaliana huko.

Ukweli umenishinda kumwambia. Hata mkikubali leo, vipindi viwili ni karibu miaka kumi. Kaka, mama hana miaka kumi. Sijui kama anayo miwili.

Sikwambii uache kiti. Siku uliposhinda nilicheza mpaka kandambili zikakatika. Na hoja hiyo itetee, ni ya haki, hata kama inakugusa wewe. Lakini ya mama haiwezi kungoja baraza. Panda treni uje, hata kwa siku chache, akushike uso.

Tobias anakusalimu, analala jikoni kwetu na anacheka tu. Mzee Damas naye anakusalimu, ingawa tangu hoja ile ananikwepa njiani. Nibusie wifi na watoto. Mungu akutangulie katika kazi hiyo ya watu, na akurudishe kwetu salama.

Ila nakuomba kaka, ukifika, siku ya kwanza usimwambie mama kwamba utaondoka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Marcelina