Nani Atamsemea Nafula

Jumanne usiku

"Nani atamsemea huyu mama?" Hivyo ndivyo naibu wa chifu alivyouliza leo barazani, na Nafula mwenyewe amesimama mbele yake, mzima, na mdomo anao! Mpaka sasa damu inanichemka.

Tangu Nafula afiwe na mumewe, shemeji yake Makokha amepanda miwa mpaka karibu na mlango wa jikoni kwake. Anasema mwanamke hana shamba.

Mimi ni mzee wa kijiji, mwanamke wa kwanza hapa kwetu. Nilipofungua mdomo tu, mzee mwenzangu Shikuku akaniambia, "Mama Ayuma, hebu tazama kama chai imeiva." Wakacheka. Sikuinuka. Nikasema, "Nafula, jisemee."

Akajisemea. Alieleza walivyolima pale na marehemu, na kwamba kaburi lake liko pale pale. Halafu naibu akasema hayo ni mambo ya ukoo, wakamalizane nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwa Makokha?

Nikamwambia Nafula, mbele ya watu wote, kwamba sheria inamlinda mjane na kesho tunaenda mahakamani Kakamega. Makokha alipopita karibu nami akaninong'oneza, "Hata wewe uko na miwa, mama. Miwa inaunguanga."

Sijamwambia mume wangu, Baba Ayuma, kwamba Makokha ametishia kutuchomea miwa. Shamba letu hilo ndilo karo ya watoto, na yeye atanikataza kwenda.

Asubuhi nitampitia Nafula. Akiniuliza kama naogopa, nitamwambia ukweli: naogopa, twende.