Maneno Waliyoyakata Kisiwani

Mdogo wangu Mapendo,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakisikia habari za gereza la kisiwani ni kudhani kwamba maji ndiyo yaliyowafunga wafungwa. Hata mimi, niliyefundisha jiografia miaka yote ile hapo Uvira, nilidhani hivyo. Sasa nimekwenda nikaona, na nitakueleza. Lakini nimeanza somo kabla ya salamu, unisamehe. Ule mguu uliokuuma uliposhuka kutoka Lemera umepoa? Mto Mulongwe umetulia, au bado mnalala mkisikiliza mvua? Sisi huku Cape Town tu wazima. Jicho la kulia lilipasuliwa na sasa linasoma hata herufi ndogo, ndiyo sababu naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Riziki ataipiga barua hii picha akutumie kwa simu. La kushoto dokta anasema lingoje. Nilikuja kwa binti yangu kwa miezi mitatu, na huu ni mwaka wa pili, ghorofa ya nne, ambako jirani hukusalimu kwa nyusi.

Wiki iliyopita Riziki alipata siku ya kupumzika, akanipeleka Kisiwa cha Robben. Meli haichukui hata saa nzima, ila bahari ya huku ina baridi ya kukata mifupa, siyo kama ziwa letu ambalo watoto huingia asubuhi na mapema. Nikueleze kwa utaratibu. Zamani wazungu walitupa huko machifu waliokataa kutawaliwa, pamoja na walimu wa dini ya Kiislamu. Baadaye wakapelekwa wagonjwa wa ukoma, na makaburi yao yapo hadi leo. Mwishoni wakafungwa waliopinga serikali ya ubaguzi. Hao walichimba mawe ya chokaa juani, na weupe wa mawe ukawaharibu macho. Nilivua miwani yangu nyeusi ili nione walichokiona, nikaivaa tena upesi. Hata chakula kiligawanywa kwa rangi ya ngozi, mweusi akapata kidogo kuliko wenzake.

Aliyetuongoza ni mzee aliyefungwa humo mwenyewe. Riziki alikuwa akinitafsiria. Akamuuliza kama kuna waliotoroka kwa kuogelea.

Mzee akacheka. "Binti yangu, kila mgeni huniuliza maji. Mimi kilichonitesa ni karatasi."

Akaeleza kwamba mwanzoni mfungwa alipata barua moja kwa miezi sita. Walinzi waliisoma kwanza, na maneno wasiyoyataka wakayakata kwa wembe. Barua ikamfikia mtu ina matundu. Siku moja mke wake aliandika kwamba jirani amekuja kuwatengenezea paa, tundu, akakaa mpaka, tundu jingine, na watoto sasa wamemzoea. Basi. Mzee alikwenda machimboni na matundu yale kichwani, akayajaza mwenyewe kwa miaka. "Yule jirani nilimpa maneno matamu," akasema, "mwishowe nikampa na kitanda changu." Alipofunguliwa, jirani alikuwa amekufa, na mzee hakukubali kuonyeshwa kaburi. Akamuuliza mkewe, siku ile ya paa uliandika nini? Mke alikuwa anachambua maharage. Akainua kichwa: "Paa gani?" Alikuwa amesahau.

Wageni wakacheka. Mimi nilitafuta benchi nikakaa.

"Mama, ni jicho?" Riziki akaniuliza.

"Hapana."

"Basi ni Mama Mudogo. Toka ile audio yake hauko sawa. Mama, na hii miaka yako yote, weye uko na wivu?"

"Nyamaza. Minye niko nasikiliza historia."

"Historia ya sombe," akasema mtoto huyo, akanipa kitambaa nipanguse machozi.

Mapendo, ni mimi niliyekuomba ushuke Lemera uje kumwangalia mume wangu. Sijasahau. Wewe mjane, nyumba yako haina mtu. Yeye hajui hata kuwasha makaa. Nilikushukuru mbele ya kanisa zima. Lakini tangu hapo Baba Riziki akinipigia simu ni Mapendo tu. Mapendo anatwanga majani ya sombe mpaka yanalainika. Mapendo amegeuza meza ielekee dirishani. Miaka mingi nilimwomba aache sukari kwenye chai, hakuacha. Kwako ameacha ndani ya wiki mbili, na ananitangazia kana kwamba nimeshinda mimi. Mama anayetuuzia samaki wa ndakala ameniambia kwamba jioni mnakaa barazani mkicheka. Mnacheka nini? Mimi na yeye tulikaa baraza hiyo hiyo tukinyamaza, na nilidhani kunyamaza huko ndiyo ndoa.

Kisha ikaja ile audio: "Yaya, shemeji anasema ya kama toka weye uende, ye sasa iko..." Rezo ya simu ikakatika. Kesho yake ukatuma nyingine, ukaongea habari za kwaya. Sasa iko nini? Nimeweka hapo kila neno ninalolijua, la Kiswahili, la Kifuliiru, hata la Kifaransa, na hakuna hata moja lililonipa usingizi. Nikaandika barua ya kukuambia urudi Lemera. Ina adabu sana barua hiyo. Iko hapa mezani, sijaichana, na sitakudanganya kwamba nimeamua kuichana. Mwanamume naweza kumkasirikia nikapona. Mdogo niliyembeba mgongoni kwenye njia za milimani sina mwingine.

Kabla ya kupanda meli nilimuuliza yule mzee, kama angeweza kuchagua, angemuuliza mkewe lini. "Siku ileile," akasema, "kama wangeniruhusu kuandika." Mimi hakuna anayenizuia.

Nisalimie mke wa mchungaji, aliyeliombea jicho langu. La pili bado linamtegemea. Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa yake ya miguu nimeipata. Muuza ndakala msalimie pia, ajue mdomo wake unafika mpaka huku. Baba Riziki msalimie kwa kifupi.

Yaya yako, dada mkubwa anayekupenda hata akinuna,
Mama Riziki

Leo, ukimaliza tu kusoma hapa, nitumie audio nyingine, uniambie sentensi ile yote kama alivyoisema.