Sahihi ya Baba

Kipkelion, 11 Agosti

Kwako Chepkurui binti yangu,

Chamgei? Sisi wazima, na goti la mamako limepona. Uchaguzi wa gavana umekwisha. Nilikuwa ajenti wa mgombea Celine Chepyegon katika kituo cha kura cha hapa shuleni, na tulihesabu mpaka mwisho: kura zake 231. Usinicheke, mzee wako sasa ni mtu wa maana.

Baba yako, Aron

Ohio, 20 Agosti

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila joto la huku linanimaliza. Moureen, yule niliyesoma naye, amenitumia picha ya fomu ya matokeo ya kituo chenu. Celine ana kura 31. Chini kuna sahihi yako.

Huku nasoma chaguzi za magavana wa Marekani za miaka ya 1800. Kila chama kilichapisha karatasi zake za kura, nyingine za rangi, na waliosimama kando waliona unatumbukiza ya nani. Angalau walijua nani amenunuliwa. Baba, walikupa nini?

Mtoto wako

Kipkelion, 2 Oktoba

Binti yangu,

Habari za masomo? Huku ni mvua tu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, sikufichi.

Msimamizi wa kituo alikuwa Isaiah, karani anayetupimia majani chai. Unajua desturi yetu pale penye mizani ya majani: lori likipiga honi, tunasaini kwanza, yeye anajaza kilo baadaye. Miaka kumi na miwili hajanipunja. Basi tulipomaliza kuhesabu akaniambia, "Mzee Aron, weka sahihi hapa, gari ya kura inangoja. Namba nitajaza." Nikaweka. Sikupewa hata soda.

Celine amekwenda kortini, anataka niape. Nikisema ukweli, Isaiah atakataa majani yangu, na kituo kingine cha kuuzia majani kiko mbali.

Baba yako

Ohio, 5 Oktoba

Baba,

Natumaini mko salama. Nimesoma mara tatu, na bado siamini. Mtu mzima anasaini karatasi tupu? Kama ni kweli, kaiseme kortini.

Mtoto wako

Ohio, 28 Novemba

Baba yangu,

Hujambo? Goti la Mama je? Amenipigia. Anasema ulisimama kizimbani ukaeleza kila kitu, watu wakakucheka. Jaji akaagiza sanduku lifunguliwe, na kura za Celine zikawa 231. Anasema pia kwamba tangu siku hiyo Isaiah anayarudisha majani yako, nawe unayamwaga.

Nimeona aibu, Baba. Nisamehe.

Hii ni barua ya nne ninayokutumia kwa simu tangu uliponiandikia Oktoba, na hujajibu hata moja. Simu inaonyesha zile tatu umezisoma zote.

Mtoto wako